Mapigo ya Moyo Kabla ya Nusukaputi

Msikilizaji wangu wa Musoma mjini, wa Bunda, wa Butiama, nawe unayenisikiliza kutoka Majita, Kiabakari au Nyamuswa, leo nataka tuzungumze habari za watu wanaokwenda kupasuliwa huku mapigo ya mioyo yao hayako sawa. Ni jambo lisilosikika sana barazani. Mtu akiambiwa atapasuliwa henia, tezi dume, uvimbe wa kizazi au rovu, ukoo hukutana na kuulizana: daktari gani atampasua, fedha kiasi gani, nani atalala naye wodini, watoto wataachwa kwa nani. Yote ni maswali ya haki. Lakini kuna mtu mmoja asiyeulizwa habari zake, naye ndiye atakayekaa kichwani pa mgonjwa tangu dakika ya kwanza mpaka ya mwisho. Ni mtaalamu wa usingizi. Huyo ndiye atakayeushika moyo wa mgonjwa wako, na kuushika vizuri kunategemea sana kile alichoambiwa kabla mgonjwa hajapanda kitanda cha thieta. Hilo ndilo lililonileta hapa kwenye kipaza sauti leo.

Tuanze na moyo wenyewe. Moyo una umeme wake. Juu, kwenye chumba cha kulia, kuna kinundu kidogo kinachotoa cheche mara 60 hadi 100 kwa dakika kwa mtu mzima aliyetulia. Cheche hiyo husambaa vyumba vya juu, hupita njia nyembamba katikati, kisha hushuka vyumba vya chini, ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu kwenda mapafuni na mwilini. Wavuvi wa Mwigobero watanielewa upesi. Mtumbwi wa makasia husonga kwa sababu wapiga kasia wote wanafuata mdundo wa mmoja. Kila mtu akipiga kasia kwa wakati wake, maji yatatibuka, jasho litatoka, na mtumbwi utabaki palepale. Hali hiyo ikivipata vyumba vya juu vya moyo, hutetemeka badala ya kukamua, na ukimshika mgonjwa kifundo cha mkono utasikia mapigo yasiyo na mpangilio: mawili ya haraka, moja la kukawia, matatu mepesi, halafu kimya. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka mingi. Ikivipata vyumba vya chini, damu haiendi popote, na mtu hufa ndani ya dakika chache asiposhtuliwa kwa umeme.

Ulaya na Marekani, mgonjwa wa mapigo ya namna ile ya kwanza kwa kawaida ni mzee wa miaka 70 na kitu. Kwetu Afrika Mashariki wazee hao tunao, wa presha na wa kisukari, lakini wapo pia vijana. Mtoto anaumwa koo, wazazi wanasema ni mafindofindo tu, yatapita. Yanapita kweli. Ila kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili iliyopambana na vijidudu vya koo hugeuka na kushambulia viungo na valvu za moyo, yaani vilango vinavyopitisha damu, na valvu hizo hukakamaa kidogo kidogo kwa miaka, mpaka mapigo nayo yanavurugika. Uchunguzi mmoja mkubwa uliofanyika nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika, uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 3,000 wa moyo ulioharibiwa kwa njia hii. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 28, na karibu theluthi mbili walikuwa wanawake. Fikiria hapo, ndugu msikilizaji. Ni umri wa kuzaa. Maana yake mgonjwa wa moyo anayeletwa thieta usiku, akitokea kijijini kwa gari la wagonjwa, anaweza kuwa mama mjamzito ambaye hajawahi kuambiwa hata siku moja kwamba ana ugonjwa wa moyo. Alidhani anachoka kwa sababu ya ujauzito.

Niruhusu nikae kidogo na mama huyu, kwa sababu kwake utaona ugumu wote wa kazi ya usingizi. Valvu yake imebana, na damu inahitaji muda ili ipite. Moyo ukienda taratibu, inapita. Moyo ukianza kukimbia, muda unakwisha kabla damu haijapita, damu inarudi nyuma mapafuni, na mama anaanza kuhema na kukohoa povu. Sasa, kwa wajawazito walio wengi, sindano ya mgongo ndiyo njia salama zaidi ya kupasuliwa. Lakini sindano hiyo hulegeza mishipa ya damu ya miguu na tumbo, presha hushuka ghafla, na moyo hujitahidi kufidia kwa kwenda mbio. Mbio hizo ndizo zinazoweza kumwangusha mama huyu. Ukimlaza usingizi kamili, nako kuna hatari yake: kumwekea mpira wa hewa kooni kunaushtua mwili, na moyo unakimbia vilevile. Ketamini, dawa iliyookoa watu wengi sana katika hospitali zetu kwa sababu haishushi presha wala haikatishi pumzi kirahisi, huongeza kasi ya moyo. Hata oksitosini, ile sindano ya kukaza kizazi mtoto akishatoka, ikisukumwa yote kwa mkupuo hushusha presha na kuukimbiza moyo. Kwake inatakiwa iende polepole. Kila dawa mezani ina faida na ina bei yake, na mtaalamu anachagua kwa kujua ni moyo wa namna gani ulio mbele yake. Asipojua, anachagua kama kwa mama mwingine yeyote.

Mwenye rovu naye tumtazame. Wapo wenye uvimbe wa shingo ambao hauna fujo, na wapo wale ambao tezi yao inamwaga homoni kupita kiasi. Utawajua: anakula vizuri lakini anakonda, mikono inatetemeka, joto dogo tu linamshinda, usiku anausikia moyo wake unagonga kwenye mto. Huyu akipasuliwa kabla homoni hazijatulizwa kwa dawa, na kutuliza huko huchukua wiki kadhaa, homoni zinaweza kufumka akiwa mezani au saa chache baadaye, joto likapanda, na moyo ukaenda mbio zisizoshikika. Wiki hizo za kusubiri hazina mbadala.

Kuna kisa cha zamani ambacho watu wa fani hii hawakisahau. Tarehe 28 Januari 1848, katika kijiji cha Winlaton karibu na Newcastle, Uingereza, binti wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alipewa klorofomu, dawa ya usingizi, ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu. Klorofomu ilikuwa na miezi michache tu tangu ianze kutumika kwa wagonjwa. Kabla dakika nyingi hazijapita, binti alikuwa amekufa. Madaktari walibishana kwa zaidi ya miaka 60: ni pumzi iliyokatika, au ni moyo? Vifo vya aina hiyo viliendelea kutokea, tena kwa watu vijana wenye afya, na mara nyingi mwanzoni kabisa, usingizi ukiwa bado mwepesi. Ndipo mwaka 1911 daktari Mwingereza, Goodman Levy, alipoonyesha kwa majaribio ya paka kwamba klorofomu kidogo ikikutana na adrenalini nyingi, vyumba vya chini vya moyo huacha kukamua na kuanza kutetemeka. Na adrenalini, msikilizaji wangu, mwili huitengeneza wenyewe. Huitengeneza mtu anapoogopa na anapoumia.

Nimekileta kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, halotheni, iliyoingia hospitalini mwaka 1956 na kulaza usingizi vizazi viwili vya Waafrika, ilibaki na kasoro hiyo kwa kiasi. Isofluraini iliyoshika nafasi yake ni salama zaidi kwa upande huo. Pili, hofu ya mgonjwa ni jambo la kitabibu. Mtu anayesukumwa thieta akitetemeka, hajaelezwa kitu, amesikia majirani wakisema wa nusukaputi hawaamki, ameshabeba adrenalini yake mwenyewe mwilini. Dakika tano za kukaa naye na kumweleza ni sehemu ya matibabu. Ninawaomba wauguzi na wataalamu wetu waziheshimu dakika hizo hata foleni ikiwa ndefu.

Sasa tuje wodini. Mazungumzo ya kabla ya upasuaji mara nyingi huenda hivi. Mtaalamu wa usingizi, kijana, anafika kitandani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, kuna dawa yoyote unayotumia nyumbani?"

"Hapana mwanangu. Natumia za presha tu."

"Za presha zipi, mama?"

"Vile vidonge vyeupe vidogo."

"Leo umekunywa?"

"Sijanywa. Nesi alisema nisitie kitu mdomoni."

Hapo kuna mambo mawili makubwa. Mama haoni kuwa vidonge vya presha ni dawa ya kutajwa. Amevizoea kama chumvi ya mboga. Na amevikatisha kwa nia njema, kwa kutii amri ya kufunga kula. Kumbe kama vidonge vile ni atenololi, propranololi au ndugu zake, ndivyo vinavyoutuliza moyo, na kuvikatisha ghafla kunaufanya moyo ukurupuke kwa kasi kuliko ulivyokuwa kabla hajaanza kuvitumia. Kwa kawaida dawa hizo mgonjwa huendelea nazo hadi asubuhi ya upasuaji, kwa maji kidogo tu ya kumezea. Zipo nyingine za presha, kama enalapril na losartan, ambazo mara nyingi mtaalamu atakwambia uziruke asubuhi hiyo, kwa sababu zikikutana na dawa ya usingizi presha huporomoka. Kwa hiyo usijiamulie. Beba vidonge vyote, vya hospitali na vya dukani, na makopo yake, utie kwenye mfuko, uende navyo. Mtaalamu akiviona kwa macho atajua la kufanya.

Warfarini inahitaji neno lake peke yake. Moyo unaotetemeka vyumba vya juu huacha damu ituame, damu iliyotuama huganda, na kipande kikichomoka hupanda ubongoni na mtu anapooza upande mmoja. Ndiyo maana wagonjwa hawa hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Zimetoka dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu kila mara, lakini utafiti wa kimataifa uliotangazwa mwaka 2022, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kwamba kwa wenye valvu zilizoharibiwa na ugonjwa ule wa utotoni, warfarini ya zamani inalinda maisha vizuri zaidi kuliko dawa mpya iliyoshindanishwa nayo. Basi wengi wetu tutaendelea nayo. Ukitakiwa kupasuliwa, kwa kawaida husimamishwa siku kama tano kabla, damu inapimwa, na daktari anapanga lini irudishwe. Ukinyamaza na kuinywa hadi siku ya upasuaji, utavuja damu mezani. Na ukichomwa sindano ya mgongo, damu inaweza kujikusanya kando ya uti na kukuacha miguu haina nguvu. Ukijisimamishia mwenyewe wiki tatu kabla kwa hofu, damu itaganda. Hesabu ya siku hizo ni ya daktari.

Na tuseme la kweli jingine, kwa sababu redio ni ya watu wazima. Mkoa wetu unapakana na Kenya kule Sirari, na mirungi tunaijua. Gongo tunaijua. Bangi tunaijua. Mirungi ina kichocheo kinachofanana na amfetamini, nacho huuchochea moyo. Bangi huongeza kasi ya moyo. Pombe kali iliyonywewa mfululizo inaweza kuvuruga mapigo hata kwa kijana asiye na ugonjwa, na kuiacha ghafla wodini baada ya miaka ya kunywa kila siku kuna misukosuko yake. Mtaalamu wa usingizi si polisi. Hakuulizi ili akuandikie kesi. Anakuuliza kwa sababu saa moja baadaye atakuwa anakuchoma dawa zinazoingia katika moyo uleule uliokwisha kuchochewa. Mwambie umetumia nini na lini mara ya mwisho. Kama mbele ya mkeo au mama mkwe unaona haya, omba mzungumze faragha.

Dawa za mitishamba nazo zitajwe. Wawindaji wa zamani wa Afrika Mashariki walipaka mishale yao sumu itokanayo na miti ya jamii ya Acokanthera, na mnyama mkubwa alianguka kwa sababu moyo wake ulivurugika. Kiini cha sumu ile hufanya kazi moyoni kwa njia ileile ya digoksini, kidonge ambacho wagonjwa wetu wa moyo wanapewa kliniki kila mwezi. Kwa kipimo sahihi digoksini hupunguza kasi ya moyo na kumsaidia mgonjwa. Ikizidi, moyo unadunda ovyo, mtu anatapika, macho yanaona rangi ya njano. Na huzidi kirahisi zaidi potasiamu ya mwili ikishuka, kwa mfano kwa anayetumia Lasix ya kukojoza maji, au aliyeharisha siku mbili kabla ya upasuaji. Sidai kwamba mizizi ya bibi ni sumu ya mishale. Nasema miti yetu ina nguvu ya kweli, na kwa sababu hiyohiyo mtaalamu anayekulaza anatakiwa kujua umekunywa nini.

Upo ugonjwa mwingine wa mapigo unaojificha hasa. Moyo unaonekana mzima, mtu ni kijana, anacheza mpira, anavua. Lakini umeme wake huchelewa kujipanga upya baada ya kila pigo, na ucheleweshaji huo unaonekana tu kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Huyu anaweza kuzimia akishtuliwa, akilia kwa hasira, au akiogelea. Dawa fulani humzidishia hatari: kwinini ya malaria, baadhi ya dawa za kuzuia kutapika zinazotumika thieta kila siku, hata erithromaisini. Kwa hiyo kama kwenu kuna kijana aliyezama ziwani ilhali aliogelea vizuri tangu utotoni, au mtoto aliyekufa ghafla bila kuugua, na watu wakamaliza habari kwa kusema amerogwa, naomba habari hiyo uipeleke kwa mtaalamu wa usingizi siku ndugu mwingine wa tumbo hilo atakapopasuliwa. Damu ni moja.

Wapo pia walio upande wa pili, wenye moyo mzito wa mwendo: mapigo 40, 35 kwa dakika, kizunguzungu, anaanguka akitembea na kuamka asijue kilichomwangusha. Njia ya umeme katikati ya moyo imekatika. Huyu hapasuliwi kitu cha hiari mpaka awekewe kifaa cha kuratibu mapigo, kile watu wanachokiita betri ya moyo. Hapa nchini kazi hiyo inafanywa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Dar es Salaam. Ni mbali, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwetu, lakini si India, ambako miaka ya nyuma Watanzania wengi walipelekwa kwa matibabu ya moyo. Na ukishakuwa na betri, kila unapokwenda kupasuliwa baada ya hapo, hata jino au jipu, onyesha kadi yake. Mashine ya kuchoma mishipa kwa umeme inayotumika thieta inaweza kuikoroga betri hiyo, na timu ikijua mapema itapanga njia nyingine ya kuzuia damu, au itaweka bamba la mashine mahali ambapo umeme hautapita kifuani.

Niwaingize thieta kidogo. Mgonjwa amelala, kidoleni amebanwa kipima oksijeni, kifuani vibandiko vya ECG, mkononi kitambaa cha presha. Mashine inalia kila pigo moja la moyo, na mlio wake unashuka sauti oksijeni ikishuka, hivyo mtaalamu anaweza kumsikia mgonjwa hata akiwa amegeuka kuvuta dawa. Daktari mpasuaji anavuta utumbo ili aone vizuri. Mlio unaanza kuachana. Unaachana zaidi. Mapigo 70, 55, 38. Kuvuta utumbo, na kuvuta misuli ya jicho kwa wanaopasuliwa macho, huamsha mshipa wa fahamu unaoufunga moyo breki. Mtaalamu wa usingizi anasema kwa sauti, "Daktari, achia kidogo." Mpasuaji anaachia mikono. Mlio unarudi. Usiporudi, atropini, dawa ya kuiachia breki hiyo, imeshavutwa kwenye bomba la sindano, iko mezani, ina lebo. Pale hakuna miujiza. Kuna mtu anayesikiliza, na kuna mpasuaji anayekubali kuambiwa aachie. Hospitali ambayo mtaalamu wa usingizi anaogopa kumwambia daktari neno hilo, hata iwe na mashine mpya, wagonjwa wake wako hatarini.

Hapa niseme jambo kuhusu hao wataalamu. Shirikisho la dunia la madaktari wa usingizi linapendekeza angalau madaktari bingwa 5 kwa kila watu 100,000. Tanzania iko mbali sana na hapo. Katika hospitali za wilaya, walio wengi wanaotulaza na kutuamsha ni wauguzi na maafisa tabibu waliosomea usingizi, wanaoitwa usiku, Jumapili, na sikukuu, mara nyingine mtu mmoja kwa hospitali nzima. Wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Na wanastahili kupewa haki ya kusema "huyu leo hapana".

Neno hilo ndilo linalozua ugomvi. Familia imetoka Nyamuswa kwa hiace, mbuzi wameuzwa, mzee amefunga kula tangu jana, halafu mtaalamu anashika kifundo cha mkono, anahesabu, anaweka kipimo kifuani, anasikia moyo unapiga mara 140 na mkononi yanafika mapigo 100 tu. Anaahirisha. Ndugu wanafoka, wanadai wanazungushwa ili watoe chochote. Nawaelewa, nauli si jani la mti. Lakini tofauti ile, kati ya mapigo ya kifuani na yanayofika mkononi, maana yake ni kwamba mapigo mengine ya moyo yanakamua kabla damu haijajaa. Kwa henia isiyobana, kwa tezi dume ambayo mpira wa mkojo unafanya kazi, kwa busha lililokaa miaka sita, wiki mbili za kupunguza kasi ya moyo kwa dawa, kupima potasiamu, kupima tezi ya shingo, na ikibidi kwenda Bugando, Mwanza, kilomita zipatazo 220 kutoka Musoma, kupigwa picha ya moyo, ni wiki zilizotumika vizuri kabisa. Mambo ni tofauti kwa apendeksi iliyopasuka, utumbo uliojifunga, mama anayevuja damu. Hapo hakuna anayesubiri karatasi ya Mwanza. Mgonjwa anaingia, moyo wake ukiwa hivyo hivyo ulivyo, mashine ya kushtua moyo ikiwa pembeni imechajiwa, na dawa zinatolewa kidogo kidogo. Kujua ni ipi kati ya hizo mbili ndiyo kazi ya watu waliosomea.

Na upasuaji ukiisha salama, hatujafika. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika nchi 25 za Afrika. Walikuwa vijana kuliko wagonjwa wa mabara mengine, lakini walikufa mara mbili ya wastani wa dunia, na vifo vilivyo vingi sana vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Yaani wodini. Mapigo yaliyotulia thieta huweza kuvurugika siku ya pili, ya tatu au ya nne, kwa maumivu yasiyotulizwa, usaha, upungufu wa oksijeni, potasiamu iliyoshuka, au dawa ya moyo ambayo hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Wodi ina muuguzi mmoja na wagonjwa 30. Basi wewe uliyelala chini ya kitanda cha mama yako kwenye mkeka unaweza kusaidia. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, tazama saa ya simu, hesabu dakika nzima, usihesabu robo na kuzidisha, kwa sababu mapigo yanayorukaruka hudanganya robo. Yakizidi 110 akiwa ametulia, yakiwa chini ya 50, au yakiwa hayana mpangilio ilhali jana yalikuwa sawa, nenda kamwamshe muuguzi hata kama ni saa tisa usiku. Muulize pia, asubuhi, dawa zake za nyumbani zinarudi lini.

La mwisho ni vifaa. Kipimo cha ECG ni karatasi, nyaya kumi, vibandiko na dakika chache. Jengo la hospitali ya rufaa pale Kwangwa lilikaa miongo kadhaa likisubiri kumalizika, na sasa linatibu. Wenye kulitamani walikuwa wengi na walisema bila kuchoka. Kwa kituo cha afya na hospitali ya wilaya, ombi ni dogo zaidi kuliko jengo. Vikao vya bajeti vya madiwani wa Bunda, Butiama na Musoma huanza mapema mwaka. Diwani wako akija kwenye mkutano wa kijiji, muulize haya: mashine ya ECG ya hospitali yetu inafanya kazi? Ina karatasi na vibandiko vya kutosha mwaka mzima? Yupo aliyefundishwa kuisoma, au picha hutumwa kwa simu kwa daktari wa Musoma au Mwanza? Mashine ya kushtua moyo iko thieta au imefungiwa stoo, na betri yake inachajiwa kila asubuhi na nani?